Fimbo ya Hekalu la Mwisho

Ukutani mwa biro yangu, ofisi yangu ya kazi hapa Kalemie, kuna vyeti vitano, kila kimoja ndani ya fremu ya kioo. Vinne ni vya shule: diploma ya Serikali, lisansi ya chuo kikuu, shahada ya uhandisi wa maji niliyoipata Japani, na cheti cha lugha ya Kijapani cha daraja la juu. Wageni husoma hivyo vinne kwanza, nami huwaacha wasome bila kuwaharakisha, maana hakuna mjomba wala mkubwa yeyote aliyenisomesha. Minerval yangu, yaani karo, niliibeba mgongoni bandarini, mfuko kwa mfuko wa saruji iliyotoka Kigoma, na jioni nilisoma nikiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi.

Cheti cha tano kimeandikwa kwa brashi na wino mweusi, na katika mji huu hakuna anayekisoma isipokuwa mimi. Kinasema kwamba nilikamilisha kwa miguu njia ya mahekalu themanini na nane ya Wabudha, kwenye kisiwa cha Shikoku. Ni zaidi ya kilomita elfu moja, milima kwa bahari, na niliimaliza kwa siku arobaini na moja. Wajapani wengi huizunguka kwa basi. Watu wakiniuliza juu ya cheti hicho huwasimulia habari ya miguu yangu na malengelenge. Habari ya fimbo sijawahi kumsimulia mtu.

Nilizaliwa pacha. Mwenzangu alikufa tukiwa na miezi mitatu. Kwa watu wa mama yangu pacha akifa haliliwi, na hata neno lenyewe halitamkwi. Wanasema ameenda kutembea. Mama akimlilia, yule aliyebaki atadhani ni yeye anayeitwa, naye atafuata. Kwa hiyo mama hakulia. Yeye na mdogo wake walimzika mtoto nyuma ya nyumba yetu, upande wa ziwa, bila matanga, kisha wakarudi kupika. Mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Mapasa, mama wa mapacha, ingawa mgongoni alikuwa na mtoto mmoja tu. Na kila aliponiwekea sahani ya chakula, aliweka ya pili kando yake, tupu.

Nilikula hivyo mpaka utu uzima. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Japani, tulifanya sherehe ya kuagana. Walikuja majirani, wakubwa wawili wa reli, na mwalimu aliyenifundisha hesabu. Mama akaweka sahani mbili mbele yangu. Niliona haya. Niliisukuma ile tupu na kusema, kwa sauti ya kusikika, "Mama, mimi niko mumoja. Ule alikufa."

Hakuna aliyecheka. Mama aliichukua sahani, akaipangusa kwa kitenge chake ingawa ilikuwa safi, akaipeleka ndani. Hakunikaripia siku ile wala nyingine yoyote. Ila tangu hapo, kila tulipoongea kwa simu, aliniuliza habari zangu kama mtu anayeuliza habari za mtoto wa jirani.

Nilikuwa nimeshakaa huko miaka kadhaa wakati ziwa lilipoanza kupanda. Wanaokaa hapa hawahitaji kuelezwa: maji yalikula ufuo, yakala migomba, yakaingia nyumba za watu na kukaa humo kama wenye nyumba. Mahali alipozikwa mwenzangu palifunikwa. Mimi nilikuwa tayari nimejenga juu kilimani, kutokea mbali, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne na bati la rangi, labda nyumba bora kuliko zote katika barabara ile. Nilimwambia mama ahame. Akakataa. Maji yalifika kwenye msingi wa nyumba ya zamani, ukuta wa upande wa ziwa ukaanza kupasuka, naye akakataa.

"Maji ilichukua mahali pake," aliniambia kwenye simu. "Sasa iko anatembea kweli. Akirudi akute nyumba haina muntu?"

Nilimweleza kama mtaalamu. Nilimweleza juu ya mvua, na mto Lukuga ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa, na jinsi mchanga unavyouziba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maji unaijua," alisema. "Mutoto humujui."

Mama mdogo, aliyekuwa akikaa naye, alichukua simu na kutoka nayo uani. Aliniambia kwamba mama hafungi mlango tena. Akaniambia pia, kwa sauti ndogo, kwamba kila siku saa nane mchana, watu wakiwa wamelala kwa joto, kuna miguu inazunguka nyumba ndani ya yale maji ya kifundoni. Chapa, chapa, chapa, mpaka mlangoni, kisha inageuka. Nilimuuliza kama anayesikia ni mama peke yake. "Na mimi nasikia," alisema. "Mbwa pia anasikia."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: ukuta ule ungeweza kumwangukia mama wakati wowote, naye asingetoka chini yake mpaka mtoto wake arudi kutoka matembezini.

Mkataba wa kazi niliyoipata huko baada ya masomo ulipoisha, nilibaki na miezi miwili kabla ya kurudi nyumbani. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alisema mbele ya wengine kwamba njia ya mahekalu haiwezwi na mtu wa nchi za joto. Wiki iliyofuata nilikuwa mbele ya hekalu la kwanza. Nakiri kwamba sikwenda kwa ajili ya dini. Nilikuwa nimesikia kwamba anayemaliza hupewa cheti.

Pale langoni wanakuuzia vitu vya safari. Kuna koti jeupe, ambalo muuzaji aliniambia kwa upole kwamba ndilo ambalo mahujaji wengi huzikwa nalo. Kuna kofia pana ya majani, iliyoandikwa kwamba wasafiri ni wawili. Na kuna fimbo ya mti mweupe, ya kimo cha kifua, yenye kengele ndogo. Wa pili katika wale wasafiri ni mtawa mtakatifu wa zamani aliyeifungua njia ile, na fimbo ndiyo yeye. Kwa hiyo ukifika kwenye nyumba ya wageni unaosha mguu wa fimbo kwanza, halafu ndipo unaosha miguu yako, na chumbani unaipa mahali pa heshima. Nilifanya yote hayo kama ninavyofuata kanuni za maabara, bila kuziamini wala kuzivunja. Kila nilipopita mahekalu kumi nilikata alama ndogo kwa kisu karibu na mshikio, ili nijue kasi yangu.

Niliposhakata alama ya tatu, niliingia kwenye barabara ndefu ya pwani ambako unatembea siku mbili nzima bila hekalu. Ilikuwa asubuhi, ukungu umetanda juu ya lami, bahari inasikika lakini haionekani. Kengele ya fimbo yangu ililia kila nilipopiga hatua. Halafu nikasikia ya pili, nyuma yangu. Nikasimama ili nimpishe mtu huyo. Kengele ya nyuma ikalia mara moja zaidi, kisha nayo ikanyamaza.

Nilingoja. Hakuja mtu.

Mimi si mtu wa kukimbia kitu kabla sijakipima. Niliifungua kengele yangu, nikaijaza karatasi, nikaitia ndani ya soksi na soksi nikaitia katikati ya begi. Nikatembea. Fimbo yangu ikagonga lami kavu bila mlio. Nyuma, kwa umbali ule ule, kengele ikalia hatua kwa hatua nami. Nilitembea hivyo mpaka ukungu ulipoondoka, nikageuka, nikaona barabara nyoofu na tupu kama meza. Katika daftari langu la vipimo niliandika: mwangwi. Niliandika neno hilo nikijua kwamba mwangwi hautoki kwenye kitu kisicholia.

Jioni ile mwenye nyumba ya wageni, mama mzee aliyepinda mgongo, alinipokea mlangoni na kuweka jozi mbili za kandambili. Chumbani akaleta vikombe viwili vya chai. Nilimwambia kwa Kijapani changu safi kwamba niko peke yangu.

"Yule aliyekaa kwenye ngazi si wako?" aliuliza.

Nilikwenda kuangalia. Kwenye ngazi palikuwa na unyevu kidogo tu, kama mahali alipokaa mtu aliyelowa. Niliporudi, mzee yule aliomba radhi kwa kukosea, akainama, akatoka. Kikombe cha pili hakukiondoa.

Siku zilizofuata nilianza kuona vitu ambavyo kumbe nilikuwa navipita tangu mwanzo. Kando ya njia, msituni, kulikuwa na sanamu ndogo za mawe zenye kichwa kipara na uso wa mtoto mchanga, zimefungwa shingoni bibu nyekundu, vile vitambaa vya kukinga udenda. Nyingine zilivishwa kofia za sufu. Nilimuuliza mwanamume aliyekuwa akifagia majani. Aliniambia kwamba wanaoziweka ni wazazi waliofiwa na watoto wadogo. Nikamuuliza kwa nini ziwekwe njiani badala ya makaburini. Aliacha kufagia akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini samaki wako majini. "Kwa sababu wanatembea," alisema.

Nilimpigia mama simu siku ile. Nilitaka kumchekesha, na labda nilitaka kusikia sauti ya mtu wa nyumbani. Nilimsimulia jinsi mwanawe, enjenyeri mzima, anavyopiga magoti kila jioni kuosha mguu wa fimbo. Hakucheka. Aliuliza fimbo hiyo inalala wapi. Nikamwambia ni pembeni ya kichwa changu.

"Mukono gani?"

"Kushoto, Mama."

Nyuma yake nilisikia maji yakigonga ukuta.

"Upande ule njo nilikuwa namulaza," alisema. "Wewe kuume, yeye kushoto." Kisha kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya ile sahani: "Usimuache huko. Umulete. Akifika hapa, mimi nitahama."

Nilisema ndiyo. Niliisema kama watu wanavyomwambia ndiyo mzee mgonjwa, ili alale.

Nilifika hekalu la themanini na nane siku ya arobaini na moja, saa nne asubuhi, nikiwa nimewapita kwenye mlima ule vijana watatu wa chuo kikuu. Liko juu, chini ya mwamba mkubwa. Nilipigiwa mhuri wa mwisho katika kitabu cha mahujaji, kinachopigwa mhuri kila hekalu, nikaandikiwa cheti changu, nikasubiri wino ukauke na kukiviringisha ndani ya mrija niliouandaa tangu wiki ya kwanza. Halafu nikaelekezwa mahali pa kuachia fimbo. Ndiyo desturi: safari ikiisha, unamwacha mwenzako hekaluni. Kuna chumba chenye kuta za kioo, na ndani yake zimesimama fimbo mamia kwa mamia, nyeupe, zimebanana kama watu wanaongoja kivuko.

Nilifikiri kidogo. Nilijiona nashuka bandarini Kalemie, mwenye shahada ya uhandisi, mbele ya watu waliobeba saruji pamoja nami, nimeshika fimbo ya mkongojo niliyoletewa habari zake na mizimu. Nikasema moyoni kwamba mama nitamwambia iliibwa. Nikaiingiza fimbo katikati ya wenzake, nikateremka.

Kituo cha basi kilikuwa chini kidogo ya lango. Nilikuwa abiria pekee. Basi lilikuja, nikapanda, nikakaa. Dereva hakufunga mlango. Alikuwa akitazama njia ya mlimani, mkono kwenye kitufe.

Nilimuuliza tunangoja nini.

"Mwenzako," alisema. "Anakuja polepole. Ameumia mguu?"

Kutoka kwenye kiti changu niliiona njia yote mpaka ngazi za hekalu. Haikuwa na mtu. Dereva alikuwa mtu wa makamo, glavu nyeupe, saa safi mkononi, si mtu wa mchezo. Alisubiri kwa adabu. Nilishuka. Nilimwambia aende tu. Akainamisha kichwa kidogo, mara mbili, mara ya pili kwa upande wangu wa kushoto, akafunga mlango.

Nilipanda tena ngazi zile, na hiyo ndiyo sehemu ya safari iliyonichosha kuliko kilomita zote. Katika chumba cha kioo fimbo zote zilifanana. Nilidhani nitazitafuta mpaka jioni. Lakini zote zilikuwa kavu isipokuwa moja. Mguu wa hiyo ulikuwa unatiririka maji, na maji yalikuwa yamefanya dimbwi dogo sakafuni. Nilipoivuta niliona karibu na mshikio alama nane za kisu changu. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku sita. Nilionja yale maji kwa ncha ya ulimi, maana ndiyo kazi yangu: hayakuwa ya bahari. Yalikuwa na ile ladha laini ya maji ya ziwa letu, ambayo nimeichota tangu utoto.

Mtawa kijana wa mapokezi aliniona natoka nayo. Nilianza kutafuta maneno ya kujieleza. Alinizuia kwa mkono. "Wanaorudi kuwachukua," alisema, "hatuwaulizi."

Niliifunga fimbo ndani ya lile koti jeupe, nikasafiri nayo kwa ndege mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Kigoma, na Kigoma nikapanda boti la mizigo linalokuja kwetu. Boti lilijaa watu, sabuni na masufuria mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Kwenye benchi langu, upande wa kushoto, palibaki nafasi ya mtu mmoja. Muuza nyanya mmoja alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Nilimwambia, "Mama, kaa hapa, hakuna muntu." Aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi, akasema afadhali asimame. Mpaka tunafika hakuna aliyeikalia.

Nyumba ya zamani niliikuta imesimama ndani ya maji kama mtu aliyesahau alichotaka kuchota. Mama alikuwa amekaa mlangoni juu ya kiti kilichoinuliwa kwa matofali. Ilikuwa saa nane mchana. Alisimama. Niliandaa mikono ya kumkumbatia baada ya miaka yote ile, naye akaipita mikono yangu, akaichukua fimbo kwa viganja viwili, akaifungua kutoka kwenye koti. Alipapasa zile alama nane moja moja. Akaingia nayo ndani, akailaza kitandani, upande wa kushoto.

Tulisikiliza, mimi, yeye na mama mdogo. Maji ya uani yalikuwa yametulia kabisa. Mbwa alikuwa amelala.

"Amefika," mama alisema. Alivuta pumzi. "Sasa naweza kusema. Mutoto wangu alikufa."

Kisha akaweka mikono kichwani na kulia. Sijui kama mtu anaweza kuhifadhi kilio kwa miaka arobaini bila kupungua hata tone, lakini ndicho nilichosikia. Kilitoka na nguvu ya mwanamke wa miaka ishirini. Kilivuka maji, kikapanda mtaa mzima.

Hapa kwetu kilio kikisikika watu hawangoji kuitwa. Kabla ya nusu saa wanawake walikuwa wanavuka maji, vitenge vimepandishwa magotini, viti vya plastiki kichwani. Wanaume wakaleta bashi, turubai la kufunika uani. Mmoja wao aliuliza amekufa nani. Mama mdogo akajibu, "Mutoto wa Mama Mapasa."

Wote wakageuka, wakaniona nimesimama kwenye mlango. Mwanamke wa mbele aliacha kiti kianguke majini, akarudi nyuma hatua tatu akishika mdomo. Mwingine alianza kusali. Kwa kitambo kidogo, nasema kweli, nilijiangalia mikono.

"Ule mwingine," mama mdogo akasema. "Huyu njo mwenye amemuleta."

Basi wakakaa. Hakuna aliyeona ajabu zaidi ya hapo. Walilia naye, na katikati ya kilio mama alishawaambia wapwa zake wafunge masufuria na godoro, kwamba baada ya mazishi hatarudi tena huku chini. Mazishi yangefanyika kwenye makaburi ya juu, ambako maji hayafiki.

Seremala aliitwa kwa ajili ya sanduku. Alikuja na meta yake ya chuma, akaingia chumbani, akatoka na kusema kwamba anahitaji mbao fupi tu, maana kitu chenyewe hakizidi kimo cha mtoto wa shule. Mama aliacha kulia akamtazama.

"Ile ni fimbo," alisema. "Mutoto wangu si wa urefu ule. Amekomaa, iko na miaka sawa na ndugu yake. Pima ndugu yake."

Nilitaka kusema kitu juu ya mantiki. Seremala alinikaribia kwa heshima, meta mkononi, akatandika mkeka kwenye sehemu kavu ya baraza.

"Lala, Papa Enjenyeri," alisema. "Ukisimama kipimo kinadanganya."

Nililala. Juu yangu niliona bashi la buluu na nyuso za majirani zimeinama. Seremala aliweka ncha ya meta kwenye kisigino changu, akaivuta juu ya goti, tumbo na kifua, chuma baridi kikanigusa shavu na kusimama utosini. Akasoma namba kwa sauti ili msaidizi wake asiisahau.

"Ongeza vidole viwili," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ule alizaliwa murefu kumupita huyu."

Seremala akaongeza.